Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utafiti wa Afya ya Mwili na Akili kwa Wazee Waliopita Miaka 85

Ukurasa huu ni wa familia zenye bibi au babu mkongwe nyumbani, na wa yeyote anayetaka kujua sayansi imegundua nini kuhusu miaka ya mwisho kabisa ya maisha. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mengine yamechunguzwa sana na mengine ni ya kusema kwa ufupi. Nimeuandika kwa sababu kauli ya "ni uzee tu" imewanyima wazee wengi matibabu ambayo yapo na yanafanya kazi.

Ukongwe unaanza umri gani?

Watafiti wengi huweka mstari kwenye miaka 85. Wengine huanzia 80, wengine 90. Paul Baltes, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyeongoza utafiti mkubwa wa Berlin pamoja na Karl Ulrich Mayer, aligawa uzee mara mbili. Kuna uzee wa mtu aliyestaafu ambaye bado anatembea, anasafiri na anapanga mambo yake. Halafu kuna uzee mkongwe, ambapo akiba ya mwili na ya akili imepungua kiasi kwamba mafua ya wiki moja yanaweza kumlaza mtu mwezi mzima. Utafiti huo ulianza mwaka 1990 na kuwapima kwa kina watu 516 wenye umri wa kuanzia 70 hadi zaidi ya 100.

Hata hivyo umri peke yake hauelezi kila kitu. Denis Gerstorf na wenzake waliwafuatilia wazee wa Ujerumani mpaka walipofariki, wakaona kwamba kuridhika na maisha hushuka kwa kasi katika miaka michache ya mwisho kabla ya kifo. Ukaribu wa kifo uliyaeleza mabadiliko hayo vizuri kuliko idadi ya miaka. Ndiyo maana unaweza kumkuta mzee wa miaka 94 mchangamfu kuliko jirani yake wa miaka 79.

Tunajuaje kwamba mtu kweli ana miaka 105?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mtafiti makini hujiuliza, na ningependa kila msomaji wa habari za "mzee wa miaka 130" ajiulize pia.

Rekodi ya dunia inashikiliwa na Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyezaliwa Februari 1875 na kufariki Agosti 1997 akiwa na miaka 122. Umri wake haukukubaliwa kwa neno lake tu. Michel Allard na Jean-Marie Robine walikusanya vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na orodha za sensa, wakamhoji kuhusu walimu wake na majirani wa utotoni. Hata baada ya hapo, mwaka 2018 mtafiti wa Urusi, Nikolay Zak, alidai kwamba aliyefariki 1997 alikuwa binti aliyejifanya mama yake. Robine na wenzake walijibu kwa nyaraka zaidi, na rekodi imebaki.

Mahali pengine mambo hayakusimama imara hivyo. Mwaka 2010 serikali ya Japani iligundua kwamba zaidi ya watu 230,000 waliopita miaka 100 kwenye daftari za familia zao hawajulikani walipo. Wengi walikuwa wamekufa zamani, wengine vitani, bila mtu kufuta majina. Naye Saul Newman ameonyesha kwamba katika majimbo ya Marekani, idadi ya watu waliodaiwa kufika miaka 110 ilishuka sana pale usajili wa vizazi ulipoanza kufanywa sawasawa. Cheti kikiwepo, maajabu hupungua.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo ni kubwa zaidi. Mtu aliyezaliwa kijijini miaka ya 1930 kwa kawaida hana cheti, na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake mara nyingi ilikadiriwa na karani. Watafiti hutumia kalenda ya matukio: Vita ya Pili ya Dunia, mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947, hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952, uhuru wa Tanganyika 1961, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964. Swali halisi huwa namna hii: "Bibi, wakati wa vita ya Hitler ulikuwa umeshaanza kuchunga mbuzi, au ulikuwa bado unabebwa mgongoni?" Kisha: "Mwalimu alipokabidhiwa nchi, ulikuwa na watoto wangapi?" Kwa Wamasai na Wakikuyu rika husaidia sana, kwa kuwa watu hukumbuka walitahiriwa pamoja na nani hata wakiwa wamesahau mwaka. Cheti cha ubatizo cha misheni nacho ni dhahabu. Majibu hulinganishwa na umri wa wadogo zake na wa mtoto wake wa kwanza, na hapo mwanya wa makosa hupungua kutoka miaka kumi na tano hadi mitatu au minne.

Umri huu una uzito wa fedha pia. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, na Kenya iliingiza wazee wa miaka 70 katika mpango wa Inua Jamii mwaka 2018. Mzee asiyeweza kuthibitisha umri wake hupoteza haki yake.

Watafiti wakifika nyumbani wanapima nini?

Mfano mzuri ni utafiti wa Newcastle, Uingereza, ulioanza 2006 kwa watu waliozaliwa mwaka 1921, yaani wote walikuwa wanafika miaka 85. Wauguzi waliwafuata majumbani na kwenye nyumba za wazee, wakaacha uamuzi wa kuwaita hospitali, kwa sababu anayeweza kufika hospitali kwa miguu yake tayari ni mwenye afya kuliko wenzake. Utafiti unaowapima wanaoweza kusafiri tu huleta picha nzuri kupita ukweli.

Baadhi ya vipimo ni vya kawaida kabisa. Mzee huketi kwenye kiti, husimama bila kuvutwa mkono, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi, huku muuguzi akihesabu sekunde. Hupewa kifaa cha kubana kwa kiganja, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Damu hutolewa, moyo hupimwa, kumbukumbu hujaribiwa, na kuna maswali mafupi ya kutambua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Ile nguvu ya kiganja inawashangaza wengi. Ni mojawapo ya dalili tano alizoziweka Linda Fried na wenzake mwaka 2001 kutambua udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kusikoisha, kiganja dhaifu, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, na yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, kulazwa na kufariki. Dalili hizi unaweza kuziona mwenyewe. Bibi ambaye kanga yake sasa inamzunguka mara mbili zaidi kiunoni na hawezi tena kukamua nguo amekwisha kukuonyesha mbili.

Yupo mtu wa miaka 85 asiye na ugonjwa wowote?

Newcastle hawakumpata hata mmoja. Katika orodha ya magonjwa 18, wanaume walikuwa na manne kwa wastani na wanawake matano: presha, baridi yabisi, mtoto wa jicho, moyo na mengineyo. Lakini karibu wanne kati ya kila watano, walipoulizwa, walisema afya yao ni nzuri, nzuri sana au bora kabisa ukilinganisha na watu wa umri wao.

Wanajidanganya?

Hapana, na hapa ndipo penye somo kubwa kuliko yote katika utafiti huu.

Leiden, Uholanzi, walichunguza watu 599 wote wenye miaka 85. Kwa vigezo vya madaktari, yaani mwili mzima, akili timamu, mahusiano mazuri na moyo mkunjufu kwa pamoja, mzee mmoja tu kati ya kumi alifaulu. Kisha watafiti wakakaa na baadhi yao wakawasikiliza kwa kirefu. Wazee walikuwa na kipimo chao. Kwao, kuzeeka vizuri ni kuukubali mwili uliobadilika na kuendelea kuishi na watu. Mtu asiyeweza tena kupanda ngazi lakini anayetembelewa, anayesikilizwa na anayeamua mwenyewe atakula nini, alijihesabu amefaulu.

Heidelberg, Ujerumani, Daniela Jopp na Christoph Rott walipata jambo linalofanana kwa watu wa miaka 100: furaha yao ilikuwa juu licha ya maradhi, na waliokuwa nayo zaidi ni wale walioamini bado wana uwezo wa kuathiri maisha yao na waliotazama mbele kwa matumaini. Laura Carstensen wa Stanford anaeleza kwamba mtu anapohisi muda uliobaki ni mfupi, huacha yasiyo na maana na kuwekeza moyo kwa wachache anaowapenda.

Nasisitiza jambo moja kwa wanaotunza wazee. Tunapomwamulia mzee kila kitu kwa mapenzi, nguo ya kuvaa, saa ya kulala, mgeni wa kumwona, tunampokonya kitu ambacho utafiti unaonyesha kinamtegemeza.

Basi huzuni kwa mzee ni kawaida?

Huzuni ya kufiwa ni kawaida kwa kila binadamu. Sonona ni ugonjwa, na hutibika hata miaka 90. Kwa mkongwe mara nyingi haiji kwa machozi. Huja kwa kukataa chakula, kuamka saa nane usiku, maumivu yasiyoonekana chanzo, au maneno ya "mimi sasa ni mzigo kwenu". Ukisikia hivyo wiki mbili mfululizo, mpeleke akaonwe.

Kila anayefika miaka 100 hupata ugonjwa wa kusahau?

Hapana, ingawa hatari ni kubwa. Utafiti wa California unaoongozwa na Claudia Kawas, ulioanza 2003 na kuwafuata watu waliopita miaka 90, ulionyesha kwamba kila mwaka karibu 13% ya wenye miaka 90 hadi 94 huanza kuugua, 21% kwa wenye 95 hadi 99, na karibu 41% kwa waliopita 100. Lakini walipochunguza bongo za waliofariki, waliona mambo mawili yasiyotarajiwa: wapo waliokuwa na mabadiliko mengi ya Alzheimer, aina inayojulikana zaidi ya ugonjwa wa kusahau, na hawakuwahi kusahau chochote cha maana, na wapo waliougua wakiwa na mabadiliko machache tu. Mara nyingi ubongo wa mkongwe una kasoro kadhaa zilizojumlishana, zikiwemo mishipa midogo ya damu iliyoziba.

Hendrikje van Andel-Schipper wa Uholanzi ndiye ushahidi unaotajwa zaidi. Alizaliwa njiti mwaka 1890, akajitolea mwili wake kwa sayansi akiwa na miaka 82, na alipofika zaidi ya 110 akapiga simu chuo kikuu kuuliza kama bado wanamhitaji. Alipimwa akili akiwa na miaka 112 na 113, akawashinda kwa wastani watu wa miaka 60 hadi 75. Alifariki 2005 kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 115, na ubongo wake haukuwa na dalili za maana za Alzheimer. Huko Amsterdam, Henne Holstege alianzisha mwaka 2013 utafiti wa watu wa miaka 100 wenye akili timamu ili kujua ni nini kinachowalinda.

Tahadhari moja ya haraka. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo amechanganyikiwa hajaanza ugonjwa wa kusahau. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi husababishwa na maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, au dawa. Kwa mkongwe maambukizi yanaweza kuja bila homa hata kidogo. Hiyo ni dharura.

Utafiti huu umefanyika kwetu?

Ndiyo, na mmoja unastahili kujulikana zaidi. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 watafiti walipita vijiji kwa vijiji wakiwachunguza watu wa miaka 70 na zaidi, 1,198 kwa jumla. Kiwango cha ugonjwa wa kusahau kilikuwa takriban 6.4%, kisichopishana sana na nchi tajiri. Ile imani kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu iliishia hapo.

Kazi yao ya pili ni nzuri zaidi. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotoka ng'ambo vinamtaka mtu asome, aandike sentensi na achore maumbo. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni kali kuliko ya daktari. Basi wakatengeneza kipimo kifupi cha sehemu sita kisichohitaji shule. Mzee huulizwa daraja ni nini. Huulizwa kiongozi wa mahali pake ni nani, na leo ni siku gani. Hutaja majina ya wanyama kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka maneno aliyosomewa muda mfupi uliopita. Mwisho hupewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Muuguzi wa zahanati anaweza kukitumia.

Umuhimu wake kwetu unapita hospitali. Kanda ya Ziwa, vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayezurura usiku, anayeongea peke yake na kumshuku mkwewe kwamba amemwibia, ni mgonjwa anayehitaji kulindwa. Kila mtendaji wa kijiji na kila mchungaji na imamu anapaswa kulijua hili.

Kwa nini wakongwe wengi ni wanawake?

Japani mwaka 2024 ilikuwa na watu 95,119 waliofika miaka 100, na 88% ni wanawake. Lakini Boston, katika utafiti ulioanzishwa na Thomas Perls, wanaume waliofika 100 bila ugonjwa wowote kati ya yale makubwa waliyohesabu walikuwa 32%, na wanawake 15% tu. Wanawake huishi na ugonjwa. Mwanaume akiugua hivyo, kwa kawaida hafiki huko.

Kuna chakula cha kufikisha miaka 100?

Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa. Tafiti za mapacha wa Denmark zinakadiria kwamba urithi hueleza karibu robo ya tofauti za urefu wa maisha, ingawa kwa wanaopita 100 urithi huonekana kuwa na nguvu zaidi. Kwa mkongwe wa nyumbani kwako, hatari iliyo karibu ni kula kidogo mno. Protini haitoshi, meno hayapo, na chai na mkate ndiyo chakula cha siku nzima. Maharage yaliyopondwa, mayai, samaki na maziwa vina faida kubwa kuliko unga wowote wa kopo unaotangazwa.

Mzee wa miaka 90 afanye mazoezi au apumzike?

Afanye. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwachukua watu kumi wa miaka 86 hadi 96 wanaoishi nyumba ya wazee, wakawafundisha kunyanyua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki nane nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa 174%. Walipoacha, ndani ya wiki nne walipoteza 32% ya nguvu hizo. Mwaka 1994 walirudia kwa watu 100 wenye wastani wa miaka 87: nguvu ziliongezeka 113% na mwendo ukawa wa kasi zaidi. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu hizo.

Hakuna haja ya mashine. Anza na kusimama na kuketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mara tano asubuhi na mara tano jioni, mtu akiwa karibu yake. Mwenye moyo mbovu au aliyevunjika karibuni aonwe na daktari kwanza.

Dawa za presha zina maana tena baada ya miaka 80?

Zamani madaktari wengi walisita. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 3,845 wa miaka 80 na zaidi wenye presha ya juu ya 160 na kuendelea. Waliopewa dawa, wakilenga 150 kwa 80, walipungukiwa vifo kwa 21% na moyo kushindwa kufanya kazi kwa 64%. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Walioshiriki walikuwa na afya kiasi, hivyo kwa mzee dhaifu sana, anayepata kizunguzungu akisimama, daktari hupunguza dozi. Kinachoua ni familia kuacha dawa wenyewe kwa sababu "ameshazeeka".

Upweke unaua kweli?

Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha mwaka 2010 tafiti 148 zenye zaidi ya watu 300,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi mkubwa kwa 50%. Hao si wakongwe pekee, na tafiti za aina hii hazithibitishi chanzo moja kwa moja. Ila nyumba zetu zimebadilika. Bibi anaweza kuishi na watu saba na asisemeshwe kutwa kwa sababu hasikii vizuri na kila mtu amechoka kurudia. Mpime masikio. Keti mbele yake penye mwanga, aone midomo yako, na zima televisheni.

Kuna mpaka wa maisha?

Hatari ya kufa huongezeka mara dufu kila baada ya miaka michache katika utu uzima. Elisabetta Barbi na wenzake, wakitumia kumbukumbu za Italia, walionyesha 2018 kwamba baada ya miaka 105 hatari hiyo huacha kupanda na kutulia karibu nusu kwa nusu kila mwaka. Wapo wanaopinga hesabu hizo, na mjadala unaendelea.

Wakitaka kumshirikisha mzee wetu katika utafiti, tuulize nini?

Kwanza, aulizwe yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, akiwa amekaa na ameamkiwa ipasavyo, na asubuhi kabla hajachoka. Kama akili yake imepungua, ndugu anaweza kukubali kwa niaba yake, lakini akikunja uso au kurudisha mkono wakati wa kutoa damu, hilo ni jibu na liheshimiwe. Ulizeni kibali cha kamati ya maadili na nambari yake. Ulizeni damu inapelekwa wapi na itahifadhiwa kwa muda gani. Ulizeni kama mtaweza kujitoa bila kupoteza huduma ya kawaida.

Na swali ambalo familia nyingi husahau: vipimo vikionyesha presha, kisukari au sonona, ni nani atakayetupa majibu, lini, na atatuelekeza kituo gani? Wakiwa hawana jibu la hilo, waambieni warudi watakapokuwa nalo.